Je, Wajua? Udogo Ndio Uliookoa Injini za Patagonia

Kusini mwa Argentina, katika nyanda kavu za Patagonia ambako upepo haukuti mti wa kuuzuia, ipo reli ambayo kutoka chuma cha kushoto hadi cha kulia ni sentimita 75 tu. Reli ya zamani ya Mombasa hadi Uganda, ambayo siku hizi tunaiona nyembamba, ina mita nzima. Hii ya Patagonia, wenyeji huiita La Trochita, hutoka Ingeniero Jacobacci katika jimbo la Río Negro na kwenda kilomita 402 hadi Esquel, jimbo la Chubut, karibu na milima ya Andes. Injini zake za mvuke ziliagizwa mwaka 1922 kutoka viwanda vya Henschel huko Kassel, Ujerumani, na Baldwin huko Philadelphia, Marekani. Tangu mwandishi Paul Theroux aipe reli hii umaarufu kwa kitabu chake cha mwaka 1979, wageni wengi wamezoea kuzitazama injini hizo kama vichekesho vilivyosahaulika na wakati. Mtazamo huo hauwatendei haki mafundi waliozibuni. Udogo ule ulikuwa hesabu ya kihandisi, na hesabu hiyo ndiyo iliyozivusha hadi leo.

Tuanze na kona, maana njia hii ina zaidi ya 600. Magurudumu mawili ya garimoshi hukazwa kwenye ekseli moja, hivyo huzunguka pamoja, wakati kwenye kona lile la nje lina mwendo mrefu kuliko la ndani. Piga hesabu: treni ikizunguka duara zima, gurudumu la nje husafiri mita 4.7 zaidi ikiwa reli ina upana wa sentimita 75. Kwenye reli pana ya Argentina, yenye milimita 1,676, tofauti hiyo hufika mita 10.5. Tofauti ikiwa ndogo, chuma husuguana kidogo, na njia inaweza kujikunja kwa ukali zaidi. Badala ya kupasua kilima, wajenzi walikizunguka. Ndiyo maana katika safari yote ile wamechimba handaki moja tu, lenye urefu wa mita 110 hivi.

Lakini reli nyembamba kama hii ni nyepesi; reli nyepesi haibebi injini nzito, na injini nyepesi huteleza kwenye mlima. Chuma juu ya chuma kikavu hushika kwa kadiri ya robo ya uzito unaokikandamiza, si zaidi; nguvu nyingine yote ya mvuke ingeishia kuzungusha magurudumu bure. Jibu la mafundi lilikuwa kuugawa uzito. Injini ina magurudumu manane ya kusukuma, yaliyounganishwa kwa fito za chuma, mawili madogo mbele ya kuiongoza kwenye kona, na mawili nyuma ya kulibeba tanuri. Sehemu kubwa ya uzito inasaidia kuvuta, na hakuna ekseli inayoielemea reli kupita kiasi. Magurudumu yale ya kusukuma yamefanywa madogo kwa makusudi: hupunguza mwendo, huongeza nguvu ya kukokota. Kwa marobota ya sufu, mzigo mkuu wa nchi ya kondoo, mwendo haukuwa na haja kubwa.

Wapinzani wa reli nyembamba wana hoja, tena nzito. Kule Jacobacci kila mzigo ulipaswa kushushwa na kupakiwa upya kwenye mabehewa ya reli pana, na gharama hiyo haikwisha. Upepo wa Patagonia umewahi kuyaangusha mabehewa, jambo ambalo reli pana ingelistahimili vizuri zaidi. Isitoshe, reli ilifika Esquel mwaka 1945, wakati malori yalikuwa yameanza kuinyang'anya kazi. Yote ni kweli. Ila swali la haki si kama reli pana ingekuwa bora. Ni kama ingejengwa kabisa. Ikiwa hii nyepesi ilichukua zaidi ya miaka 20, sioni nani angelipia ile nzito kwa ajili ya vijiji vichache na kondoo.

Hoja nyingine husema kwamba injini ya mvuke ni ubadhirifu, kwa kuwa haifikishi hata asilimia 10 ya joto la mafuta kwenye magurudumu. Ni ubadhirifu, sawa. Lakini angalia kinachoharibika: mabomba ya boila, bushi, pete za pistoni. Karakana ya reli hii huko El Maitén inaweza kukereza kipuri yenyewe, bila kusubiri kiwanda kilichoacha kukitengeneza miongo mingi iliyopita. Injini ya kisasa yenye saketi za elektroniki, kipuri kikikosekana, husimama.

Serikali kuu iliifunga njia mwaka 1993, majimbo mawili yakashika sehemu zake, na mwaka 1999 ikatangazwa kuwa kumbukumbu ya kihistoria ya taifa. Wapo wanaosema imebaki mchezo wa watalii, na kwa sehemu wana haki, kwani safari maarufu sasa ni kilomita kama 20 tu, kutoka Esquel hadi Nahuel Pan. Hata hivyo kinachoivuta ni injini zilezile zilizoagizwa mwaka 1922, zikichoma mafuta mazito na kusimama kujaza maji.