Rubani, Mvua na Mafuta ya Akiba

Ndugu mfanyakazi, pengine wewe au jamaa yako mmekwisha kupanda ndege pale Mavivi, karibu na mji wetu wa Beni. Basi mnalijua jambo hili. Mvua inanyesha, watu wanangoja, mlio wa ndege unasikika juu ya mawingu, kisha unapotea. Ndege imekwenda kutua mahali pengine. Watu waliotoka Mulekera kuwapokea ndugu zao wanaanza kunung'unika: "Rubani huyu ni mwoga!"

Hapana. Rubani huyo amefanya kazi yake vizuri. Leo ukurasa wetu wa usalama unaeleza sababu, na jambo ambalo sisi watu wa mgodi tunaweza kujifunza kwake.

NDEGE HAINA KANDO YA BARABARA

Gari likiishiwa mafuta kwenye barabara ya Butembo, dereva analiweka kando na kumtuma mtu na bidoni. Ndege haina kando. Hata inapozunguka tu ikingoja mvua ipite, mitambo yake inakula mafuta kila dakika. Na huku kwetu rubani hawezi kushuka ovyo ndani ya mawingu akitafuta uwanja kwa macho, maana upande wa mashariki milima ya Ruwenzori inafika meta 5,109.

Mtu atauliza: kwa nini wasijaze matangi mpaka juu kila safari? Kwa sababu mafuta nayo ni mzigo. Ndege nzito inahitaji njia ndefu ya kurukia na ya kutulia, tena inatumia mafuta zaidi ili kubeba mafuta yenyewe. Kwa hiyo rubani hajazi kwa kubahatisha, anapiga hesabu.

HESABU YENYEWE

Kanuni za ICAO, shirika la mataifa linalosimamia usafiri wa anga, zinagawa mafuta katika mafungu. Lipo fungu la kutembea uwanjani kabla ya kuruka. Lipo fungu la safari yenyewe. Lipo la mambo yasiyotazamiwa, kama upepo wa mbele. Kwa kawaida ni asilimia 5 ya mafuta ya safari. Lipo la kwenda uwanja wa pili, kama ule wa kwanza umefungwa na mvua. Kwa ndege inayokuja Beni, uwanja huo wa pili unaweza kuwa Bunia au Kisangani.

Mwisho ipo akiba ya mwisho. Kwa ndege za jeti ni mafuta ya kuruka dakika 30 juu ya uwanja, kwenye kimo cha meta 450. Kwa ndege ndogo za pistoni ni dakika 45. Akiba hiyo haikupangwa itumiwe. Rubani anapogusa ardhi, inapaswa kuwa ingali ndani ya matangi.

Sasa mnaelewa kwa nini ndege ya Mavivi iliondoka. Rubani aliona kwamba yamebaki mafuta ya kufika uwanja wa pili pamoja na akiba. Dakika chache zaidi za kungoja, na njia ile ingefungwa. Kulazimisha kutua katika mvua pia si dawa. Tarehe 8 Julai 2011, Boeing 727 ya Hewa Bora iliyotoka Kinshasa ilianguka ilipojaribu kutua Kisangani wakati wa mvua kali. Watu zaidi ya 70 walikufa.

USIKU WA NEW YORK

Ajali inayofundisha zaidi juu ya mafuta na hali mbaya ya hewa ilitokea mbali, Marekani, tarehe 25 Januari 1990. Boeing 707 ya Avianca ilitoka Colombia kwenda New York na watu 158. Hali ya hewa ilikuwa mbaya na ndege zilikuwa nyingi. Waongozaji wa ndege waliizungusha mara tatu ikingoja zamu yake: dakika 19, kisha 29, kisha tena 29. Jumla ni dakika 77.

Katika mngojo wa tatu rubani msaidizi, aliyekuwa akiongea na waongozaji, aliomba kipaumbele. Alieleza kwamba wangeweza kungoja kama dakika 5 tu. Uwanja wao wa pili, Boston, hawakuweza kuufikia tena. Lakini hakutamka kwamba ndege iko katika hatari. Waongozaji wakaendelea kuipanga kama ndege nyingine yoyote.

Walipojaribu kutua, upepo uliwasukuma chini, wakashindwa kuuona uwanja, wakapanda tena. Rubani mkuu alimwambia msaidizi wake awaarifu waongozaji kwamba wako katika hatari. Msaidizi alisema kwenye redio kwamba mafuta yanawaishia, lakini lile neno la hatari hakulisema. Kisha akamhakikishia mkuu wake kwamba amekwisha kuwaambia. Mitambo ilizimika mmoja baada ya mwingine, na ndege ikaanguka kwenye kilima huko Cove Neck. Watu 73 walikufa. Moto haukuwaka, kwa sababu mafuta yalikuwa yamekwisha.

Wachunguzi wa Marekani walisema marubani hawakuyasimamia mafuta ipasavyo, wala hawakutangaza hatari kabla hayajaisha. Tena walisema hapakuwa na maneno yaliyokubaliwa na wote kwa hali kama hiyo.

Siku hizi maneno hayo yapo. Tangu mwaka 2012 kanuni za ICAO zinataja hatua mbili. Ya kwanza, rubani anatangaza kwamba mafuta yamefika kipimo cha chini: akicheleweshwa tena, akiba ya mwisho itaguswa. Ya pili, akiona kwamba atatua akiwa amekwisha kuigusa akiba, anaita "Mayday" mara tatu na kuongeza neno "fuel", yaani mafuta. Hapo kila mwongozaji anajua la kufanya, na njia inafunguliwa.

MAFUTA HAYASIKII AMRI

Mfano mwingine ni wa karibu nasi zaidi, ingawa sababu yake haikuwa mvua. Tarehe 23 Novemba 1996, watu watatu waliiteka Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Walimwamuru rubani Leul Abate awapeleke Australia. Aliwaeleza kwamba mafuta yaliyomo hayafiki huko. Hawakumsadiki. Mafuta yalikwisha juu ya bahari, na ndege ikaangukia majini karibu na kisiwa cha Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175, walikufa 125, na watekaji wenyewe wakiwemo.

Aliye na silaha, aliye na cheo, aliye na haraka: hakuna anayeweza kuyaamuru mafuta yaongezeke.

NA SISI MGODINI?

Sisi pia tunaingia mahali pasipo na kando ya barabara. Betri ya taa ya kichwani, mazuti ya pampu ya maji, hewa katika chombo cha kuokoa pumzi, yote hayo ni matangi yetu. Vikosi vya uokoaji mgodini vina desturi njema: kikosi kizima kinarudi kwa hesabu ya yule aliyebakiwa na hewa kidogo kuliko wote. Hakuna anayemcheka.

Basi tukumbuke:

1. Kabla ya kuingia, hesabu ya kurudi ifanywe kwanza. Kilichotengwa kwa kurudi kisitumiwe kumaliza kazi.

2. Taa inapoanza kufifia, rudi sasa. Usingoje izime.

3. Pampu ikibakiwa na mazuti kidogo, usimwambie kapita kwamba "mafuta si mengi". Mwambie ni ya muda gani: "Pampu itazima baada ya nusu saa. Tuwatoe watu."

4. Wewe kapita, ukiambiwa hivyo, rudia maneno uliyoyasikia ili mhakikishe mmeelewana. Kisha watoe watu kwanza. Maswali yatafuata mkiwa nje.

5. Nanyi akina mama, baba na watoto mnaongoja pale Mavivi: ndege ikigeuka, msimtukane rubani. Atakapowaleta jamaa zenu kesho yake, mwambieni asante.