Kichwa kinachouma baada ya kujifungua: usisubiri

Wasikilizaji wetu wa Shighatini na vijiji jirani, wengi wenu mlisikia habari za damu kuganda kichwani mwaka 2021, wakati wa chanjo ya UVIKO-19. Aprili mwaka huo Marekani ilisimamisha kwa siku 10 chanjo ya Johnson & Johnson, baada ya wanawake 6 kati ya watu karibu milioni 7 waliochanjwa kupata madonge ya damu kwenye ubongo. Chanjo hiyo ndiyo iliyozinduliwa nchini kwetu Julai 2021. Lakini ugonjwa huu ni wa zamani kuliko chanjo, na mara nyingi zaidi huwapata kina mama waliotoka kujifungua.

Damu hupanda kwenye ubongo kwa mishipa ya ateri na kurudi kwa mishipa ya vena. Donge likiziba vena, hali huwa kama ya ndiva iliyozibwa tundu la kutolea maji: maji yanaendelea kuingia, hayana pa kutokea. Ubongo huvimba, na wakati mwingine damu huvuja ndani yake.

Wakati wa ujauzito na wiki 6 baada ya kujifungua, damu huganda upesi zaidi. Ni kinga ya mwili ili mama asipoteze damu nyingi. Hatari huongezeka akipungukiwa maji mwilini, au akiwa na usaha sikioni. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo huongeza hatari kidogo. Usiviache kwa hofu. Muulize muuguzi akushauri njia nyingine.

Dalili ni hizi: kichwa kinachozidi kuuma siku hadi siku, hasa ukilala au ukikohoa, kutapika, kuona ukungu, mkono au mguu kulegea, kuanguka kifafa.

Tatizo ni kwamba dalili hizi hudhaniwa malaria, uchovu au kurogwa, na siku zinapita kwa vidonge vya maumivu. Mama akiziona, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, na mtaje tarehe aliyojifungua. Apimwe shinikizo la damu pia, kwa sababu kifafa cha mimba hufanana na ugonjwa huu na kinaweza kutokea hata baada ya kujifungua.

Donge huonekana kwa kipimo cha CT scan au MRI katika hospitali kubwa kama KCMC, Moshi. Tiba ni sindano za heparini, kisha vidonge vya kuzuia damu kuganda kwa miezi 3 hadi 12. Kwa kawaida mama huendelea kunyonyesha. Wengi wanaotibiwa mapema hupona kabisa.

Kwa hiyo, kabla mama hajarudi nyumbani na mtoto, kubalianeni ni gari la nani litakalowashusha Mwanga hata usiku wa mvua, na namba ya dereva iwe kwenye simu ya kila mtu nyumbani.