Studio ya Chumbani: Sauti Isichelewe

Vijana wa Bariadi wanaotaka kufungua studio chumbani huanza kwa kubishania programu. Ubishi huo ungoje. Kinachoharibu rekodi nyingi za nyumbani ni sauti kuchelewa.

Kompyuta hupima sauti ya maiki mara 44,100 kwa sekunde, kisha huvishughulikia vipimo hivyo kwa mafungu. Fungu la vipimo 1,024 huchukua milisekunde 23. Kuingia na kutoka ni 46, pengine zaidi. Hewani sauti huenda takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ni kama mwimbaji anajisikia kupitia spika iliyo umbali wa mita 16. Manju wa Kisukuma aliyezoea ngoma ikidunda ubavuni pake atayumba tu. Kwenye singeli ni balaa: kwa mapigo 200 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 75.

Ukipunguza fungu hadi 256, safari nzima hushuka hadi milisekunde 12 hivi. Lakini prosesa sasa inapewa muda mfupi wa kumaliza kila fungu. Ikishindwa, sauti inakwaruza. Hapo ndipo pesa iende: prosesa nzuri, RAM ya GB 8 au zaidi, diski ya SSD, na saundi kadi ya nje yenye draiva ya ASIO, mfumo uliobuniwa na Steinberg ya Ujerumani. Chukua laptopu, maana umeme ukikatika betri inaokoa kazi. Ila chini ya bati saa nane mchana, prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe. Rekodi usiku.

Programu? FL Studio ya Ubelgiji ndiyo wengi wanaijua. Toleo la majaribio linahifadhi kazi lakini halikuruhusu kuifungua tena hadi ulipie. Reaper ni nyepesi, inafaa mashine za mtumba, na unaijaribu siku 60 bure. LMMS ni ya bure kabisa kwa kutengeneza biti. Za kreki ziache. Nyingi huja na virusi.

Ukienda dukani beba hedifoni za waya, kwani za bluetooth nazo huchelewesha. Omba muuzaji akuwekee programu, panga fungu la 256, cheza traki kumi kwa pamoja na usikilize dakika kadhaa. Ikikwaruza, usinunue.