Mji, Pori na Bahari: Ziara ya Kimasomo Kusini mwa Pwani ya Kenya

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinapoandaa ziara ya Pwani, ratiba aghalabu huishia Mombasa: Ngome ya Yesu, vichochoro vya Mji wa Kale, picha chache ufuoni, kisha safari ya usiku ya kurudi chuoni. Ngome hiyo, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, inastahili kutembelewa, na mwanafunzi wa fasihi ana kila sababu ya kuiona Mombasa ya Muyaka bin Haji. Hata hivyo, anayekomea hapo huwa amekutana na Kiswahili cha mjini tu. Ng'ambo ya kivuko cha Likoni iko kaunti ya Kwale, na humo kuna wanyama, miti, pepo na maji ambayo majina yake hayapatikani kwa wingi katika vitabu vya darasani. Makala haya yanaeleza jinsi ziara ya siku nne inavyoweza kuunganisha mji, pori na bahari, na kwa nini majina yanayosikika njiani ni sehemu ya somo lenyewe.

Siku ya kwanza haihitaji maelezo marefu. Baada ya Ngome, inafaa kupita mtaa wa Biashara, yanakouzwa leso. Mwanafunzi anayefanya utafiti wa fasihi simulizi atapata hapo maandishi yanayonunuliwa, yanayovaliwa na yanayojibizana mitaani. Wauzaji huyajua majina kwa moyo na huweza kueleza ni jina gani hupewa mama mkwe na lipi halifai kupelekwa msibani. Saa moja dukani humo huzaa kuliko mhadhara mzima kuhusu dhana ya muktadha. Jioni huvukwa feri. Mtembea kwa miguu halipi chochote.

Siku ya pili ni ya Shimba. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Shimba, iliyotangazwa rasmi mwaka 1968, iko karibu na mji wa Kwale, na ndiyo makao ya palahala pekee waliosalia porini nchini Kenya. Hapa somo la msamiati huanza mara moja. Mnyama huyu mwenye pembe ndefu zilizopinda kwa nyuma huitwa palahala na wengine, ilhali wengine, hasa Tanzania, humwita mbarapi. Kuna masimulizi yanayolihusisha jina la Msambweni na paa mkubwa wa aina hiyo, ingawa leo hakuna anayetarajia kumwona mnyama huyo akipita Msambweni. Jina la Kwale nalo ni jina la ndege wa porini afananaye na kanga. Ramani ya kaunti hii, kwa hivyo, inaweza kusomwa kama orodha ya viumbe, baadhi yao wakiwa wamebaki katika majina tu.

Aidha, ni katika milima hii ambapo suala la ndovu na tembo huzuka. Shule nyingi hufundisha maneno haya kama visawe. Lakini Kwale ni nchi ya minazi, na tembo ni kinywaji kinachogemwa. Mwanafunzi aliyelelewa bara akisikia kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, huenda akahitaji kufafanuliwa ni mnyama gani huyo atiwaye maji. Mzee wa Kwale hahitaji ufafanuzi: ndovu yuko Mwaluganje, kwenye hifadhi inayopakana na Shimba ambako wanajamii walitenga mashamba yao kwa ajili ya njia ya wanyama hao katika miaka ya 1990, tembo limo kibuyuni.

Diani hujulikana kwa hoteli, na hilo halina haja ya kurudiwa. La kutazamwa ni madaraja ya kamba yaliyotundikwa juu ya barabara ili mbega wavuke bila kugongwa na magari, kazi iliyoanzishwa na shirika la uhifadhi wa mbega lililoundwa mwaka 1997. Katika miti hiyohiyo kuna kima, tumbili na nyani. Wanafunzi wengi huwaita wote nyani, na kosa hilo haliwezi kulaumiwa kwa Kiingereza peke yake. Mji umetupunguzia macho kabla ya kutupunguzia maneno.

Karibu na hapo iko Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mgeni hufungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia, na huelezwa yaliyo mwiko. Wenyeji wake ni Wadigo, ambao wengi wao ni Waislamu na ambao lugha yao, Chidigo, si lahaja ya Kiswahili bali ni jirani yake wa karibu. Neno fingo, ambalo wasomaji wa fasihi hulijua kama kago la kulinda nyumba, hapa hutaja kitu kilichozikwa ili kuilinda kaya nzima. Kuna tofauti kubwa kati ya kulisoma neno hilo katika tanbihi na kulisikia chini ya mti unaoheshimiwa.

Hata hivyo, kiini cha ziara ni Gazi, kijiji kilichoko upande wa Msambweni. Kihistoria kinajulikana kama makao ya Mbaruk bin Rashid, Mazrui aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 hadi alipovuka mpaka mwaka 1896. Leo kinajulikana kwa mikoko. Misitu ya hapa ilikatwa sana katika miaka ya 1970 ili kupata kuni za viwanda, na upandaji upya ulianza mwaka 1991 chini ya watafiti wa bahari. Tangu mwaka 2013, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na takriban hekta 117 za msitu, na fedha zake kuingia katika maji, shule na mahitaji mengine ya kijiji.

Tatizo la kiisimu liko katika neno lenyewe, mikoko. Katika Kiswahili cha magazeti, kila mti uotao katika maji ya chumvi ni mkoko. Kwa mkataji wa zamani wa Gazi, mkoko ni mmoja tu, ule wenye mizizi iliyojipinda kama miguu ya buibui. Mlilana husimama mbele kabisa, ukipigwa na mawimbi, na mbao zake hutengenezewa mataruma ya vyombo. Mchu huota pande zote mbili, baharini na nchi kavu. Mkandaa hupatikana nyuma ya mkoko, na gome lake hutoa rangi. Kuna pia muia na mkomafi. Fito, pau, boriti na nguzo ni majina ya miti hiyohiyo baada ya kukatwa, kulingana na unene wake. Kamusi mara nyingi huridhika kuandika "aina ya mti", na mwongozaji kijana, aliyezoea wageni wa Ulaya, huenda akataja majina ya kisayansi na ya Kiingereza kwa ufasaha, kisha akamalizia kwa kusema kwamba yote ni mikoko. Wanafunzi wa Kiswahili wana haki ya kuomba waongozwe kwa Kiswahili, na waombe mapema, ili atafutwe mtu mzima aliyewahi kukata au kupanda.

Siku ya nne ni ya Shimoni na kisiwa cha Wasini, kuelekea hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, wanakoonekana pomboo, kasa na ng'amba. Hapa saa ya basi haina nguvu. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au kukamilika, maji hupwa mbali na kujaa hadi bustani ya matumbawe ya kale kisiwani, ambako kikundi cha wanawake kimejenga njia ya mbao. Wakati wa maji mafu mabadiliko ni madogo. Kusi likivuma kwa nguvu, hasa Juni na Julai, mashua huenda zisitoke kabisa, kwa hivyo mwandalizi wa ziara anashauriwa kuchagua kipindi cha kaskazi, kati ya Desemba na Machi, na kuuliza kuhusu mwezi kabla ya kulipia basi.

Wasini ni makao ya Chivumba, na kati ya Gazi na Shimoni husikika Chichifundi. H. E. Lambert alizichapisha tahakiki zake za lahaja hizi mwaka 1957 na 1958, na bado ni miongoni mwa maelezo yanayotegemewa zaidi. Kundi litakalolala Shimoni usiku mmoja badala ya kukimbilia Mombasa laweza kwenda barazani na orodha fupi iliyotokana na vitabu hivyo, na kuuliza ni maneno gani ambayo wajukuu wa wenye baraza bado huyatumia.