iSight: kamera ya Apple iliyoachwa ikiwa bado nzima

Kamera yenyewe haijaharibika. Bado inaona na maikrofoni yake bado inasikia. Lakini aliyeitunza iSight yake hadi leo hana pa kuichomeka kwenye kompyuta mpya ya Apple.

Steve Jobs aliitambulisha Juma tatu tarehe 23 Juni 2003, mjini San Francisco, Marekani. Bei ilikuwa dola 149. Ilikuwa bomba fupi la alumini lililokaa juu ya skrini, likimtazama mtumiaji usoni. Kamera nyingi za wakati ule zilitoa picha yenye ukungu. iSight ilijirekebisha yenyewe kulingana na umbali wa mtu, na waya mmoja tu, wa FireWire, ulibeba picha, sauti na umeme. Ukitaka faragha, ulizungusha sehemu ya mbele na jicho likafumba.

Haikuua soko lake kwa ubaya. Oktoba 2005, Apple iliweka kamera ndani ya iMac G5. Januari 2006 ikafuata MacBook Pro, kisha MacBook mwezi wa Mei. Nani angetoa dola 149 kwa kitu ambacho tayari kimo ndani ya mashine?

Ulaya iSight ilitoweka mapema zaidi, katikati ya 2006, wakati Umoja wa Ulaya ulipoanza kuzuia risasi, zebaki na sumu nyingine katika vifaa vya elektroniki. Desemba mwaka huohuo Apple ikaacha kuiuza kabisa.

Walioumia ni wenye Mac mini na Mac Pro, kompyuta zisizo na kamera ndani. Apple haikuwapa kamera nyingine ya kuchukua nafasi hiyo. Skrini yake ya kwanza yenye kamera ilifika 2008 tu. Na kamera za ndani hazikuja na kifuniko: hadi leo kuna watu wanaobandika kipande cha karatasi juu ya jicho hilo.

Baadaye tundu la FireWire likaondolewa kwenye kompyuta mpya. Kwa miaka kadhaa viunganishi vya pembeni viliwasaidia wenye iSight, lakini macOS Tahoe, iliyotoka 2025, haitambui tena FireWire. Mlango wa mwisho umefungwa.

Kwa wanaonunua vifaa vilivyotumika, huko Goma, Bukavu au Lubumbashi, funzo ni moja. Usiulize tu kama kifaa kinafanya kazi. Tazama waya wake, kisha tazama tundu la kompyuta yako, na uliza kama programu yake bado inakitambua. Kifaa kizima kisicho na pa kuchomekwa ni pambo la mezani, hata kikiuzwa kwa bei ya kutupa.