Ordinatere ya kucheza: tupime tenere, si ukubwa wa mfuko

Mwisho wa mwaka uko karibu, primu zinaanza kuingia, na kwetu ku delegasio maswali yamebadilika. Zamani watu walikuja kutuuliza juu ya kategori, saa za nyongeza, dawa za watoto. Hayo hayajaisha. Lakini sasa kuko swali lingine: "Kamarade, mtoto analomba ordinatere ya kucheza. Ninunue gani?" Sisi hatucheki. Ile franga ni ya mtu aliyeshuka chini ya udongo, na wauzishaji wanajua tarehe ya primu kutupita sisi wenyewe. Njo maana tuliketi na mafundi, tukafungua masanduku, na tunaandika hapa kile tunachojua.

Tunaongea juu ya ordinatere ya mezani, ile ndugu zetu wa Tanzania wanaita kompyuta, na tena ile iliyokwisha kufungwa: unaitosha dukani, unachomeka, inawaka. Kuko vijana wanaosema ni heri kununua kipande kwa kipande na kujifungia mwenyewe. Ulaya ni vizuri. Huku Kolwezi ao Likasi kipande kimoja kinapatikana, cha pili kinangoja Lubumbashi, cha tatu kinangoja Dubai, na kikifika unaona hakiingii. Kwa nyumba ya mufanyakazi, masini iliyokwisha kufungwa njo njia.

Mu maduka utaona aina mbili. Ya kwanza ni sanduku jeusi lenye kioo pembeni, taa nyekundu na bluu zinazunguka, na neno "Gamer" limeandikwa kwa herufi kubwa. Ya pili ni masini ya ofisi ya okazio: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Hizi zilitumika mu ofisi za Ulaya ao za Uarabuni, wakazibadilisha, na zikafika kwetu. Hazina sura. Mtoto ataangalia ya kwanza paka. Sisi tunasema: anza na ya pili.

Si kwa sababu taa ni dhambi. Kuko masanduku ya taa yenye masini nzuri ndani. Lakini kwa mtu mwenye mfuko mdogo, kila dolari iliyoingia mu kioo na mu taa haikuingia mu nguvu ya masini. Na mara nyingi ndani ya lile sanduku jipya muko vitu vya zamani kabisa: prosesere Xeon iliyotoshwa mu masini kubwa za kampuni, imewekwa ku plaki mpya ya bei ndogo. Inawaka, inacheza hata. Lakini wewe umelipa bei ya kitu kipya.

Wachimbaji wetu wanajua hili kuliko mtu wa duka. Unafika ku depo na mfuko wako, mufanyabiashara haulizi mfuko una rangi gani. Anapima kilo, kisha analeta metorex, anasoma tenere. Mfuko mkubwa wa tenere ndogo haukulishi. Ordinatere ni vile vile, na tenere yake imeandikwa. Shida ni kwamba muuzishaji anasoma sehemu moja tu ya maandishi.

Anasema: "Papa, hii iko i7!" Sawa, lakini i7 gani? Baada ya i7 kuko namba, na njo ile tunataka. Core i7-2600: tarakimu ya kwanza ni 2, maana yake kizazi cha pili, ilitoka mwaka 2011. Core i5-8500: kizazi cha nane, mwaka 2018, viini sita mu nafasi ya vine. Hii i5 inaishinda ile i7 vizuri sana. Hata i3-10100 ya mwaka 2020 inaishinda. Kama namba ina tarakimu tano, soma mbili za mbele: 10100 ni kizazi cha kumi. Muuzishaji akikataa kukuonyesha namba nzima, aga vizuri, endelea mbele. Na angalia herufi ya mwisho: i5-9400F ni prosesere nzuri, lakini ile F inaonyesha haina grafiki ndani. Bila karti hautaona picha hata moja ku ekrani.

Kwa nini tunasimama ku kizazi cha nane? Sababu ya Windows. Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakubali rasmi prosesere za Intel kuanzia kizazi cha nane. Masini ya kizazi cha sita bado inafanya kazi, hatusemi uitupe kama uko nayo. Lakini kununua leo masini ambayo mlango wake umekwisha kufungwa, ni lazima bei ishuke sana. Mu OptiPlex tafuta 3060 ao 7060. Mu EliteDesk 800 tafuta G4. Mu ThinkCentre, M720.

Sasa tufike ku karti grafiki, maana pale njo wazazi wanapigwa.

Mwenzetu mmoja wa konsantratere alinunua masini yenye tikiti "Karti 4 GB". Kijana akaweka mchezo wa mpira, wachezaji wakatembea kama watu waliolala. Tukafungua: GT 730. Ni karti ya mwaka 2014, kazi yake ni kuonyesha picha ya ofisi na filme, si kucheza. Zile GB 4 ni kweli zilikuwamo. Lakini GB za karti ni ukubwa wa mfuko, tena! Nguvu iko mu jina la karti. GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019 nazo zina GB 4, na ziko mbali sana mbele ya ile. EA Sports FC 24 kwa mfano inalomba, kwa uchache, GTX 1050 Ti, RAM ya GB 8 na prosesere ya ngazi ya i5-6600K. Wanaandika ku paji la mchezo, mtu yeyote anaweza kusoma kabla ya kulipa.

Tunapenda hizi karti mbili kwa sababu moja ya ufundi. Plaki ya ordinatere inaweza kutoa wati 75 tu kupitia tundu la karti. GTX 1050 Ti na GTX 1650 nyingi zinatosheka na zile wati 75, hazilombi waya mwingine. Masini ya ofisi ina alimantasio ndogo, na Dell na HP mara nyingi wanaweka plagi zao wenyewe, kwa hiyo kubadilisha alimantasio ni kichwa kuuma. Ukiona karti inataka waya wa matundu sita ao nane, na masini haina ule waya, usikubali fundi "apange".

Angalia pia mwili wa masini. Mnara mkubwa unakubali karti ya kawaida. Ile nyembamba inakubali karti fupi paka, na karti fupi ni haba. Ile ndogo kabisa, ya ukubwa wa kitabu kinene, haina nafasi ya karti. Ni nzuri kwa kanisa na kwa kantini, si kwa mchezo.

Kuko karti za uongo. Watu wanachukua karti ya zamani kabisa, kama GTS 450, wanabadilisha programu yake ya ndani, na ordinatere yenyewe inadanganyika: inaandika GTX 1050 Ti. Dawa yake ni programu ya bure inayoitwa GPU-Z. Iweke ku ufunguo wa USB ukiwa nyumbani, uende nayo dukani. Kama karti imebadilishwa, GPU-Z inaweza kuandika neno FAKE mbele ya jina. Ile njo metorex yako. Na kama umesahau ufunguo, angalia nyuma: ukiona tundu la VGA, lile la bluu lenye matundu 15, ku karti inayoitwa 1050 Ti ao 1650, kuko mashaka makubwa. Bei pia inasema. GTX 1650 ilipotoka mwaka 2019 ilikuwa dolari 149 Marekani, mpya mu karton. Mtu akitaka zaidi ya hiyo kwa okazio, muulize ameongeza nini.

Lile tundu la VGA linaleta jambo lingine. Ekrani ya zamani ya VGA haitaingia ku GTX 1650 bila kibadilishi, na watu wanagundua hili usiku nyumbani. Televizio ya saluni yenye HDMI inaweza kusaidia. Ila mupange saa, maana mama naye ana filme yake.

RAM: GB 8 ni chini kabisa, 16 ni vizuri, na vipande viwili vya 8 vinakwenda mbio kuliko kimoja cha 16. Diski: SSD, hatubishani. Diski ya kuzunguka inaweza kubaki ya pili, kwa kuwekea filme na michezo mizito.

Kwa mzazi asiyeweza kulipa yote mara moja, tunashauri hatua mbili. Primu ya kwanza inunue mnara wa i5-8500 wenye RAM ya 16 na SSD, bila karti. Ndani ya ile prosesere kuko grafiki ndogo, UHD 630. GTA San Andreas, PES 2013, Minecraft vinacheza. Hata GTA V ya zamani, ile iliyotoka ku PC mwaka 2015, inacheza kama ukishusha picha. Na mkubwa wa nyumba anafanya Excel na memwari yake ya shule ku masini ile ile. Karti ingoje mwaka ujao. Ukipata mahali masini yenye Ryzen 5 5600G kwa bei inayofanana, chukua: grafiki yake ya ndani ina nguvu kuliko ile ya Intel.

Ukumbuke na forfe. FC 24 peke yake inataka nafasi ya GB 100. Kwa forfe ya simu ile mtoto anakula mushahara. Steam inaruhusu kubeba mafaili ya mchezo ku diski ya nje kutoka kwa rafiki, kila mtu na konti yake na mchezo aliolipia, kisha unamalizia kiasi kidogo tu ku intaneti. Zile kopi za bure za sokoni zinakuja na virusi, tumeziona.

Kabla ya kuchomeka, geuza masini, angalia alimantasio. Zile za zamani zina kiswichi chekundu: 115 ao 230. Umeme wetu ni volti 220. Masini iliyotoka Marekani ikiwa bado ku 115, utasikia mlio mmoja, moshi, na garanti imekwisha. Na kwa delestaji zetu, umeme ukirudi unarudi na hasira. Weka stabilizatere mu hesabu tangu siku ya kwanza, ondulere kama franga inatosha. Masini ya aina hii, karti na ekrani pamoja, haipiti sana wati 200 wakati wa kucheza. Saa tano za mchezo ni karibu kilowati-saa moja. Lile sanduku la taa lenye karti kubwa linaweza kula mara mbili ya hapo. Tena sisi tunaishi mu vumbi. Kila miezi mitatu, mu kiangazi zaidi, zima, tosha waya, fungua, pitisha burashi laini.

Sasa mukopo. Wauzishaji wengine wanapita mu kambi na karatasi: "Sanyi hapa, utalipa kidogo kidogo." Dolari 65 kwa mwezi, miezi minane. Inaonekana ndogo. Ni dolari 520 kwa masini ambayo mwenye franga mkononi anainunua 400. Zile 120 ni karti grafiki uliyomlipia mtu mwingine. Watu wanane wa ekipi moja wakifanya likelemba ya dolari 50 kwa mwezi, kila mmoja anapata zake 400 kwa zamu, hakuna anayekatwa ku mushahara. Tulishaona ekipi zikifanya hivi kwa mabati ya nyumba; ordinatere si ngumu kuliko bati.

Siku ya kununua nenda na mtoto, anajua mchezo wake kuliko sisi wote. Lomba masini iwashwe, mchezo uchezwe nusu saa nzima, si dakika mbili. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, ingia ku "Performances": pale utaona jina la prosesere, RAM na karti. Weka mkono nyuma: hewa ya moto ni kawaida, harufu ya kuungua haina kawaida. Lomba fakture yenye namba ya seri ya masini na ya karti, na siku za garanti ziandikwe kwa kalamu, zisibaki mu mdomo. Na sikiliza ventilatere yake vizuri. Ikipiga kelele kama kompresere, chagua ingine, maana papa wa posti ya usiku analala mchana, na watoto wanacheza mchana.