Sanduku la huduma ya kwanza la shambani: lipange kwa hatari za shamba lako

Masika inakaribia na simu zimeanza: mbegu ipi, mbolea kiasi gani, kantangaze anazuiwaje. Maswali mazuri kabisa. Ila kuna swali moja ambalo huwa silipati mpaka mtu awe ameshalala chini anavuja damu: nifanye nini sasa hivi, na nina nini mkononi?

Huku kwetu hospitali zipo. KCMC ipo tangu 1971, Mawenzi iko mjini Moshi, na milimani kuna Kibosho, Kilema, Marangu na Machame; Rombo wana Huruma. Lakini kati ya shamba lako na geti la hospitali kuna safari. Ukiwa Kahe ndani ndani, au juu kabisa karibu na msitu huku mvua imeshaharibu njia ya udongo, safari hiyo inaweza kula saa nzima. Mshipa mkubwa ukikatika, mtu anaweza kufa kwa dakika chache tu, bodaboda ikiwa bado iko njiani. Sanduku la huduma ya kwanza kazi yake ni kumvusha mgonjwa hapo katikati. Kutibu ni kazi ya hospitali.

Yale masanduku ya dukani mengi yametengenezwa kwa ajili ya ofisi na magari. Ukifungua unakuta plasta ndogo ndogo, mkasi usiokata hata uzi na kichupa cha spiriti. Kibarua aliyejikata goti kwa panga utambandika plasta ngapi? Bora utengeneze lako. Ukitumia akili kidogo, gharama yote haifiki bei ya mfuko mmoja wa urea.

Kwanza zunguka shamba na kalamu

Kabla hujanunua kitu, andika hatari tatu ambazo shambani kwako zinaweza kutokea mwaka huu. Hazifanani kila mahali.

Kwenye kihamba ni panga, mundu, kuanguka kutoka kwenye mgrivea wakati wa kukata matawi, nyuki, na ile mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Kwenye mpunga wa Chekereni na Mabogini ni jembe, pawatila, jua kali na nyoka kwenye matuta. Kwenye nyanya na vitunguu hatari namba moja ni dawa za kupulizia. Kwenye parachichi ni ngazi na mikasi ya kupogolea. Sanduku lako lianzie kwenye orodha hiyo.

Chombo

Ndoo ya plastiki ya lita 10 yenye mfuniko unaobana inatosha. Haiingizi maji, inabebeka, na ukiimwaga inakuwa ndoo ya kunawishia. Chora msalaba kwa rangi ili hata mgeni aijue. Usitumie kabisa dumu au ndoo iliyowahi kukaa dawa ya shamba, hata uioshe mara kumi.

Na ikae kazini. Sanduku lililofungiwa chumbani kwa bosi, na bosi ameenda mjini, ni sawa na kutokuwa nalo.

Ya damu

Nenda Kiboroloni kwenye mitumba, tafuta shuka la pamba jeupe. Lifue kwa sabuni, lichemshe dakika kumi, lianike juani, lipige pasi pande zote. Kata vipande vya kukunja vya kuwekea kwenye kidonda, na mikanda mirefu ya upana wa vidole vinne ya kufungia. Funga kila fungu kwenye mfuko wake wa plastiki wa zipu. Ongeza pakiti mbili za pedi za kike. Msicheke, jamani: ni safi, zimefungwa moja moja, zinanyonya damu vizuri na duka lolote la kijijini zipo.

Matumizi: vaa glovu, weka kitambaa juu ya kidonda, gandamiza kwa nguvu dakika kumi bila kufunua kuchungulia. Damu ikipenya, ongeza kingine juu yake na uendelee kugandamiza.

Kama ni mkono au mguu na damu inaruka haikamatiki, hapo ndipo unabana. Zungusha mkanda mpana juu ya jeraha kama sentimeta tano hadi saba, usiwe kwenye kiungo, ingiza kijiti imara, kinyonge mpaka damu isimame, kifunge kisifumuke. Andika saa uliyobana. Usilegeze mpaka hospitali. Kamba nyembamba au waya usitumie, vinakata nyama.

Kidole kikikatwa na mashine ya majani, usikitupe. Kizungushie kitambaa safi chenye unyevu, kiingize kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, halafu mfuko uuweke juu ya barafu. Barafu isiguse nyama. Kipeleke pamoja na mwenyewe.

Ya mifupa

Kanga moja kuukuu, ikatwe kona kwa kona, inatoa pembetatu mbili za kuning'inizia mkono. Kwa kukaza mfupa uliovunjika tumia boksi gumu lililokunjwa au mbao mbili nyembamba, weka nguo laini katikati, funga juu na chini ya palipovunjika. Usinyooshe mguu uliopinda, ufunge ulivyo.

Aliyeanguka kutoka juu ya mti na analalamika shingo au mgongo asipakiwe mshikaki kwenye bodaboda. Asisogezwe bila sababu. Tafuteni gari, mumlaze kwenye mlango au ubao mpana, watu wanne au zaidi wakimwinua kwa pamoja, mmoja akishika kichwa kisiyumbe.

Ya moto na macho

Hapa dawa kubwa ni maji. Weka chupa mbili za maji safi za lita moja na nusu, na mfuniko mmoja wa akiba uliotobolewa matundu madogo kwa sindano ya moto. Ukiminya chupa unapata bomba dogo la kuoshea jicho au kidonda.

Aliyeungua mwagie maji ya kawaida dakika 20. Chupa zikiisha, endelea na maji mengine safi yaliyo karibu. Mvue pete na saa kabla hajavimba, kisha funika kwa kitambaa safi bila kukaza. Jicho lililoingia dawa au mate ya swila lioshwe angalau dakika 15, maji yakitokea upande wa pua kwenda nje, ndipo safari ianze.

Ya sumu za shamba

Sehemu hii isomeni mara mbili.

Mwaka mmoja huko tambarare, kijana alizidiwa akiwa anapulizia nyanya. Mate yanamtoka, jasho jingi, misuli inarukaruka, anapumua kwa shida. Wenzake walifanya vizuri, wakamkimbiza kituo cha afya. Swali la kwanza la tabibu lilikuwa: ametumia dawa gani? Hakuna aliyejua. Dawa ilinunuliwa kwa kupimiwa, imekaa kwenye chupa ya soda, haina lebo. Mtu akatumwa kwa pikipiki kurudi kumtafuta muuzaji huku mgonjwa anasubiri. Kijana yule alipona, lakini zile dakika zilikuwa nzito sana.

Swali lile lilikuwa na maana kubwa, kwa sababu kila sumu ina matibabu yake. Kwa jamii ya oganofosfeti, kama profenofosi, hospitali hutumia atropini. Kwa parakwati hakuna dawa ya kuipinga, ndiyo maana hata funda moja ni hatari. Kwa hiyo kitu cha bei rahisi kuliko vyote kwenye sanduku lako ni lebo. Siku unaponunua dawa piga picha lebo nzima, andika jina la kiambata chake kwenye karatasi, na karatasi iingie kwenye ndoo. Nunua kilichosajiliwa na TPHPA, kikiwa kwenye chombo chake. Ya kupimiwa achana nayo.

Weka pia glovu za mpira, kipande cha sabuni na shati la kubadilisha. Aliyepata sumu mtoe kwenye eneo, mvue nguo zilizolowa, muoshe kwa sabuni na maji mengi. Usimtapishe. Akiwa hajitambui lakini anapumua, mlaze kwa ubavu wa kushoto, usimpe kitu chochote mdomoni. Na maziwa, jamani, tuyaache. Najua wengi mnakunywa kabla au baada ya kupuliza mkiamini yanaua sumu. Hayaiui. Yanakupa ujasiri wa kupuliza bila kujikinga, basi.

Ya nyoka na jua

Akiumwa na nyoka, mtulize, mvue pete, saa na viatu upande ulioumwa, funga kiungo kwa mbao kama kilichovunjika ili kisitikisike, abebwe. Asitembee. Usichanje, usinyonye, usibane kwa kamba. Jiwe la nyoka halitoi sumu. Linachofanya ni kukuchelewesha. Usihangaike kumkimbiza nyoka pia, maana atapatikana mgonjwa wa pili. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na wanaoumia zaidi ni watu wa mashambani kama sisi.

Kwa anayeharisha au aliyeishiwa maji kwa jua, weka pakiti za ORS. Zikiisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Visivyoingia kwenye ndoo

Dawa ya meno, yai na mafuta kwa aliyeungua: toa. Spiriti ya kumwagia kidonda kibichi: toa, maji safi yanatosha. Wembe wa kuchanjia: toa. Na vidonge vya antibayotiki vilivyobaki kwa shangazi: toa, kugawa dawa ni kazi ya tabibu.

Mtu ndiye sanduku lenyewe

Karne ya 19 daktari mmoja wa upasuaji Mjerumani, Friedrich von Esmarch, alipigia chapa michoro juu ya kitambaa cha pembetatu cha kufungia majeruhi, ili askari aone palepale namna ya kukitumia. Sisi watu wa kanga tunaelewa kitambaa kinachosema. Fanya hivyohivyo: ndani ya mfuniko bandika karatasi yenye hatua fupi kwa Kiswahili, namba za madereva wawili na bodaboda mmoja, namba ya kituo cha afya cha karibu, na 114 ya Zimamoto na Uokoaji.

Chagua watu wawili wanaokuwepo shambani kila siku, wajifunze. Msalaba Mwekundu Tanzania wanafundisha huduma ya kwanza. Mkiwa kikundi mnaweza kuchangishana. Kama umeajiri watu, kumbuka Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ambayo OSHA wanaisimamia, inakudai huduma ya kwanza mahali pa kazi, na shamba ni mahali pa kazi. Ulizia pia chanjo ya pepopunda kwa kila anayeshika samadi na jembe. Kidonda kidogo cha mwiba kinatosha kuuingiza ugonjwa huo, na ndoo haina dawa yake.

Mwisho, kila tarehe mosi fungua ndoo. Badilisha maji, hesabu glovu, angalia tarehe za pakiti, rudisha mkasi ambao mtu aliuazima kukatia kamba za nyanya. Halafu muulize kibarua mgeni kuliko wote: ndoo iko wapi? Akisita, mwoneshe leo, kabla hamjaanza kazi.